Barua ya malalamiko: laini ya megabiti 50 iliyoshindwa na garimoshi

Tudor, Mombasa
8 Julai 2024

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Tawi la Mombasa.

Bwana/Bi,

KUH: KASI YA KUPAKIA KATIKA KIFURUSHI CHA INTANETI CHA OFISI

Nimewapigia simu mara 11 na kupewa nambari 4 za malalamiko. Zote zimefungwa kwa maneno "tatizo limetatuliwa". Halijatatuliwa, ndiyo maana leo naandika.

Mkataba wangu unasema megabiti 50 kwa sekunde, kupakua na kupakia sawasawa. Niliacha kifurushi cha nyumbani nikachukua cha ofisi kwa sababu hiyo moja tu, kupakia, yaani kutuma faili kutoka kwangu kwenda nje. Kazi yetu ni kupima misitu ya mikoko kwa picha za droni. Februari, wakati wa bamvua, maji yamekupwa kabisa, tulirusha droni juu ya hori ya Tudor na ile ya Mtwapa, tukarudi na picha zaidi ya 60,000, jumla gigabaiti 800. Kompyuta yangu haina ubavu wa kuzichambua zote na kutenganisha aina za mikoko, kama mchu na mlilana. Kazi hiyo hufanywa na klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa, iliyoko Ulaya, na sisi tulipewa zamu ya mwezi mmoja tu, kuanzia Juni 3.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo megabiti 50 ni megabaiti 6.25 kila sekunde, na gigabaiti 800 zinamalizika kwa saa 36 hivi. Nikawapa nafasi ya kuteleza, nikapanga siku 3.

Gigabaiti 90 za kwanza zilienda kama maji. Kisha kasi ikaanguka hadi megabiti 5 na ikakaa hapo hapo. Kwa mwendo huo ni siku 15. Tena tangu wakati huo, kila baada ya saa mbili tatu, anwani ya laini yangu, ile nambari inayoitambulisha kwenye mtandao, hubadilishwa ghafla upande wenu, na muunganisho na klasta hufa papo hapo. Ujumbe unaotokea kwenye skrini husema bomba limevunjika. Wakazi wa Mombasa tumezoea mabomba makavu, lakini hili nimelilipia kabla ya mwezi kuanza.

Nakiri kosa langu moja: mwanzoni nilizifunga picha zote kuwa furushi moja kubwa, hivyo kila laini ilipokatika nilianza upya kutoka sifuri. Siku 2 zilipotea hivyo. Baadaye nikazituma mojamoja kwa programu ya rsync, ambayo huruka zilizokwisha kufika. Hilo lilitibu kukatika. Halikutibu kubanwa.

Huko simuni nimeambiwa mengi. Nimeambiwa nizime ruta, nihesabu hadi thelathini, niwashe. Nimeambiwa nyaya zimekatika baharini. Kweli zilikatika, EASSy na SEACOM, tarehe 12 Mei, lakini simu hiyo niliipiga Juni 19. Mwisho dada mmoja akanisomea "sera ya matumizi ya haki", yaani ukishatumia kiasi fulani kasi hubanwa, iliyo katika ukurasa wa 9 wa mkataba, kwa herufi za kutafutiwa miwani. Ukurasa wa kwanza umeandikwa "bila kikomo". Haki ya nani hiyo?

Fundi mliyemtuma alikuwa kijana mstaarabu, sina neno naye. Alikula mahamri, akasimama karibu na ruta, akanionyesha simu yake: 48. Nikamwomba aniruhusu nitazame chini ya skrini. Kipimo kilikuwa kinakwenda kwenye mtambo ulio hapa hapa Mombasa. Ni kama nahodha kusifu chombo chake kingali kimefungwa gatini. Nikamwambia achague mtambo wa Frankfurt, apime kupakia. Ikatoka 4.7. Aliitazama kwa muda, akaniangalia, kisha akajaza fomu: "Laini iko sawa."

Juni 21 nilikata tamaa. Nilinakili picha zote kwenye diski, nikaitia mkobani, nikapanda treni ya Madaraka Express pale Miritini kwenda kwa rafiki mwenye ofisi Nairobi. Kutoka mlango wangu hadi mlango wake ni saa 8. Gawanyeni wenyewe: garimoshi lilinipa megabiti 222 kwa sekunde, zaidi ya mara 4 ya mnachoniuzia, na halikukatika hata Voi. Kwa laini yake ya megabiti 100, kila kitu kilifika Ulaya kwa saa 18 na faili zote zikahakikiwa, hakuna iliyoharibika.

Kinachonikera zaidi ni njia yenyewe. Nyaya za baharini zinatua huku Mombasa. Mmoja wao, TEAMS, umeingia hapa tangu 2009. Kwa hiyo mikoko ya Tudor imepanda treni hadi Nairobi, ikashuka tena Mombasa kwa faiba, ndipo ikaingia baharini, karibu na pale ilipopigwa picha.

Nataka mnirudishie tofauti kati ya bei ya kifurushi cha ofisi na cha nyumbani kwa Mei na Juni, pamoja na nauli yangu ya kwenda na kurudi. Nataka laini yangu iwe na anwani isiyobadilika, na mniandikie wazi ni baada ya gigabaiti ngapi mnaibana na mnaishusha hadi ngapi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupewa habari za kile anachonunua. Nikikosa jibu kwa siku 14, nakala ya barua hii, pamoja na kumbukumbu za kila mkatiko, itakwenda Mamlaka ya Mawasiliano.

Tutarusha droni tena bamvua ya Septemba. Nijibuni kabla ya hapo, kwa maandishi. Ruta nimeshaizima vya kutosha.

Wenu mwaminifu,
Mteja wa kifurushi cha ofisi, Tudor