Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Trauti Tukawavue Wapi?

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini, deni hatuna. Mimi nina la safari ya bara kuvua trauti, samaki wa maji baridi, lililokula vikao vyetu vingi.

Wengi mnataka maziwa ya Mlima Kenya, Rutundu na Alice. Samaki wako, lakini Rutundu liko mita 3,100 hivi juu ya bahari, na Alice limepita hapo. Mtu aliyelala Likoni jana akipandishwa huko moja kwa moja, usiku anaweza kushikwa na kichwa, kichefuchefu na pumzi fupi. Kamati inapendekeza tulale Nyeri kwanza, tuvue mitoni siku mbili, kisha maziwa kwa atakayejiona mzima.

Mto nao tuuchague kwa maji yake, si kwa sifa. Trauti hustawi kwenye nyuzi 10 hadi 18 za Selsiasi. Zikipita 20, oksijeni majini hupungua na samaki huacha kula. Kipimajoto kitumbukizwe kivulini dakika mbili. Maji yakiwa vuguvugu, pandeni juu kuelekea msituni. Chini kwenye mashamba, mito kama Naro Moru na Burguret hunyonywa na mifereji wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha hugeuka tope. Ukisimama maji ya magoti na huvioni vidole vyako, trauti naye hakioni chambo chako.

Gura, huko Aberdare, ndiko trauti walikotiwa mwaka 1905. Ni mto wa kasi na mawe yanayoteleza, na trauti wa kahawia ni mwoga. Anayeanza asianzie hapo. Ndani ya hifadhi mna nyati na ndovu, kwa hivyo hatuingii bila askari wa wanyamapori. Leseni ya kuvua na kiingilio cha hifadhi ni malipo mawili tofauti.

Sisi wa pwani tumezoea kuhesabu bamvua na maji mafu, yaani maji makubwa na madogo ya bahari. Kule ni mvua tu: masika na vuli mito huchafuka. Januari na Februari ni kuzuri, ila ndiyo kaskazi, upepo wa kaskazini, na nani ataiacha bahari wakati huo? Twendeni mwishoni mwa Agosti, kusi, upepo wa kusini, ikiwa bado inasumbua mashua.

Mishipi ya kolekole iacheni nyumbani. Chukueni ufito mwepesi wa futi 8 au 9, wa mshipi wa uzito namba 4 au 5, na uzi wa mwisho wa ratili 4 hadi 6. Nzi bandia, ndio chambo chetu, wawe wa ndoana namba 10 hadi 14. Kenya Bug mweusi asikosekane. Trauti huelekeza kichwa mkondo unakotoka, basi mwendeeni kutoka chini, kwa nyuma. Wengi hukosea hapa: husimama upande wa juu wa mto, kivuli kikamwangukia, naye akatoweka kabla mshipi haujagusa maji.

Majina yafike kwa katibu kabla ya Juni kwisha. Tutapanda treni hadi Syokimau, na gari la kutoka hapo lina viti 14 tu.