Ampuli mbili zingetosha, Mbeya tunahitaji mashine ya mrija mwembamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji wenu aliyeandika kwamba mashine za kutenganisha dawa na protini na kuzipima kwa uzito wa molekuli ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba sisi huku Nyanda za Juu Kusini tungoje kwanza tupate vitanda na glavu. Vitanda na glavu tunavihitaji, hilo sina ubishi nalo hata kidogo. Ila mi nimefanya kazi maabara miaka mingi huku huku, sasa nimestaafu naishi Uyole, na kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu, naona nilitoe.

Miaka ya nyuma kwenye kituo kimoja cha afya kule milimani, sitakitaja, binti mmoja alijifungua alfajiri salama kabisa, mtoto analia, kondo limetoka, halafu damu ikagoma kukata. Sista wa zamu akachoma oksitosini, dawa ya kubana kizazi ili damu ikate, akasugua tumbo, damu inakuja, akatundika dripu akaweka na ampuli nyingine humo, damu inakuja tu. Gari lilipatikana kumeshakucha. Yule binti alipona lakini kizazi ilibidi kitolewe, na ndo kwanza alikuwa na miaka 23. Basi maneno yakaanza, mara sista alilala, mara hakuchoma dawa kaiuza, ndugu wakaja juu, mwisho wa siku sista akahamishwa kimyakimya kama mtu aliyekosa. Kabla hajaondoka alikuja kwangu na boksi, ndani zimebaki ampuli mbili. Akaziweka mezani akasema, "Mzee, nipimie hizi. Mimi nilichoma, Mungu ananiona."

Nikazinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Maji meupe, hakuna chembe, hakuna ukungu, tarehe haijapita. Oksitosini nzima na iliyoharibika zinafanana kama maji ya bomba moja, jicho halikusaidii chochote. Nikauliza kwa wenye uwezo wa kupima, nikaambiwa mbili hazitoshi, tuma boksi kadhaa za bechi ileile, yani zilizotengenezwa pamoja, na bechi ileile ilikuwa imeshachomwa kwa kina mama wengine ikaisha. Kwahiyo sikumpimia.

Sasa ngoja nieleze kwanini mbili zilitosha kabisa.

Ampuli moja ya uniti 10 ina oksitosini kama mikrogramu 17 hivi, yani hata chembe moja ya chumvi ya mezani inaizidi uzito. Yenyewe ni peptaidi, yani mnyororo mfupi wa asidi amino 9, zile tofali za protini, Vincent du Vigneaud ndo aliyeitengeneza maabara mwaka 1953 na mwaka 1955 akapewa Nobel. Uzito wa molekuli yake ni karibu 1007. Inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, na ikikaa kwenye joto molekuli zinaanza kuharibika, nyingine zinapoteza kipande cha amonia na kupokea maji ule uzito unapanda kwa 1 tu, kutoka 1007 unakuwa 1008, nyingine zinashikana mbili mbili. Yote hayo yanatokea ndani ya maji yaleyale meupe. Na watu wanasema huku kwetu kuna baridi dawa haziozi, jamani, dawa hazioti Mbeya! Zinatoka Dar zinapita Morogoro, zinapita Mikumi, zinafika Ruaha Mbuyuni pale wanapouza vitunguu jua la saa nane, na siku lori likianguka Kitonga foleni inakaa masaa na masaa, ukishapanda ule mlima ndo unaanza kusikia baridi. Kama boksi la barafu limeshayeyuka huko chini, baridi ya Makambako hairudishi kilichoharibika.

Kuijua dawa ya namna hiyo kunataka hatua mbili, uitenganishe nzima na mbovu, halafu upime kila moja uzito wake. Kwenye kutenganisha ndo udogo unapoleta faida. Mashine ya kutenganisha iliyozoeleka, inaitwa HPLC, ina kolamu, yani bomba la chuma lenye kipenyo cha ndani milimita 4.6 na inasukuma kimiminika mililita 1 kila dakika. Ukiweka humo kadawa kako kadogo kanazimuliwa, ni kama kijiko cha chumvi umekimwaga kwenye simtanki halafu unaonja unasema hamna chumvi. Kijiko kilekile kwenye kikombe utatema. Mrija mwembamba ndo hicho kikombe. Ni kioo cha silika kilichopakwa plastiki ya rangi ya kahawia, ukikishika unaweza kukizungusha kidoleni kama uzi wa kuvulia samaki, na tundu lake ndani ni mikroni 75, unene wa unywele wa mtu. Humo kimiminika kinapita nanolita 300 kwa dakika, kwahiyo dawa inatoka upande wa pili imekolea, na mashine inaiona hata kama uliweka nanogramu moja, ambayo ni sehemu moja ya 17,000 ya ile ampuli ya sista. Ukishapima mara kumi bado ampuli inakuwa karibu nzima.

Ncha ya mrija inawekewa umeme wa kilovolti chache, kimiminika kinatoka kama ukungu, matone yanakauka yakiwa njiani na molekuli inabaki imebeba chaji bila kuvunjika, inaingia kwenye vakyumu, yani chumba kilichoondolewa hewa, huko ndani mashine inayoitwa masi spektrometa inasoma uzito ukilinganisha na chaji. Hiyo ndo elektrosprei, John Fenn wa Marekani alipata Nobel mwaka 2002 kwa ajili yake, pamoja na Koichi Tanaka wa Japani aliyefika kwenye jambo hilohilo kwa njia ya leza. Kabla ya njia hizo protini ilikuwa ni vigumu sana kuipima hivi, ilisambaratika kabla haijapimwa. Leo unapima insulini, 5808, unapima himoglobini. Nimeshapokea sampuli za watoto wengi wa sikoseli toka Kyela, na nataka wasomaji wajue kwamba himoglobini ya sikoseli inatofautiana na ya kawaida kwa asidi amino moja tu kwenye mnyororo wa beta, uzito unapungua 30 kwenye karibu 15,867, na masi spektrometa inaiona hiyo 30 kutoka kwenye tone la damu la kisigino cha kichanga lililokaushwa kwenye karatasi. Karatasi yenyewe unaituma kwenye bahasha kwa basi, haitaki friji. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini hizo mbili zinatofautiana chaji, walitumia elektroforesisi, yani kutenganisha kwa umeme, na vifaa vyao vilikuwa vikubwa kwelikweli.

Msomaji wenu anasema gharama. Mi naomba tuongee gharama basi, maana nimeziona kwa macho. Kuna maabara moja huku kwetu iliwahi kuletewa HPLC ya msaada, mpya, ikapigwa picha na wageni. Masaa 8 ya kazi inakunywa karibu nusu lita ya kimiminika, na sehemu kubwa ni asetonitraili ambayo haipatikani dukani Mwanjelwa, inaagizwa nje. Ikatumika ikaisha. Mwisho wa 2008 asetonitraili ikaadimika dunia nzima, kwasababu sehemu kubwa yake haitengenezwi kwa ajili yetu watu wa maabara, inapatikana pembeni wakati wa kutengeneza kemikali nyingine ya plastiki na nyuzi za nguo, uchumi ulipoyumba na magari yakawa hayanunuliwi, ile kemikali ikapungua na hii yetu ikapungua nayo, bei ikaruka. Mashine ikafunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya sebuleni. Na uchafu wake ulikuwa kwenye madumu nyuma ya stoo, ya njano yale ya lita 20, hakuna aliyejua ayapeleke wapi, kuyamwaga huwezi ni sumu, jua linayapiga yanavimba. Niliyahesabu siku moja yalikuwa saba. Sasa mrija mwembamba kwa masaa 8 hayohayo unatumia kama mikrolita 144, yani matone matatu. Chupa moja ya lita moja inakaa mpaka inapitwa na tarehe. Kwahiyo kinachoitwa anasa ndicho kinachotufaa sisi ambao barabara yetu ya vitendanishi ni ndefu, wenye viwanda vya kemikali jirani ndo wanaoweza kumudu kumwaga nusu lita kwa siku.

Na kuna njia ambayo haina hata pampu. James Jorgenson na Krynn Lukacs mwaka 1981 walionyesha kwamba ukichukua mrija mwembamba wa namna hiyo ukaujaza maji yenye chumvi kidogo ukauwekea umeme mpaka kilovolti 30, molekuli zinatembea zenyewe, kila moja kwa mwendo wake kufuatana na chaji na ukubwa wake, na kwakuwa mrija ni mwembamba joto linatoka haraka halichemshi kitu. Mrija wa nusu mita mzima unajaa kwa mikrolita 2 tu. Hii ndo naipenda zaidi kwa mazingira yetu, japo ina tabia zake, mwendo unabadilika karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwahiyo asubuhi ya Julai hapa Uyole mkono unakufa ganzi halafu saa saba mchana jua limewaka, usipodhibiti joto la mrija utadhani umepata dawa mbili tofauti. Vijana lazima wafundishwe hivyo vitu, havimo kwenye kijitabu cha mashine.

Sitaki kuficha shida zake. Mrija unaziba, hata vumbi dogo linatosha, kwahiyo kila kitu kinachujwa. Kiungo kikivuja huoni tone maana tone lenyewe linakauka kabla halijaonekana, unakaa siku nzima unatafuta. Masi spektrometa inataka vakyumu mchana na usiku, umeme ukikatika pampu ikizima unasubiri tena masaa mengi irudi sawa, kwahiyo bila betri nzuri na jenereta usinunue. Inataka nitrojeni. Inataka fundi, na hapa ndo tunapoangukia kila mara, tunatenga hela ya kununua hatutengi ya kutunza. Wenzetu wameshazipunguza hata hizo zenyewe, Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walitengeneza masi spektrometa ya kilo 10, unaibeba kama mfuko wa sembe, na mwaka 2010 walionyesha kwamba kipande cha karatasi cha pembetatu chenye tone la damu kikiwekewa umeme kinatoa dawa iliyomo ndani ya damu moja kwa moja.

TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanafanya kazi na wana haki ya kusifiwa, ile mikoba ya Minilab, maabara ndogo ya kubeba, imekamata dawa nyingi feki, unaweka dawa kwenye bamba unaangalia doa linafika wapi na limekolea kiasi gani. Ila doa halikuambii kwamba uzito umepanda kwa 1. Linakuambia kidonge hakina dawa kabisa au kina kidogo mno. Peptaidi ya mikrogramu 17 kwenye maji inataka kitu kingine.

Ninachoomba ni kitu kimoja, na nakiomba kwa wizara na kwa wabunge wetu wa mikoa hii yote, Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, Rukwa, Ruvuma. Iwekwe hapa Mbeya sehemu moja ya kanda yenye mashine ya mrija mwembamba iliyoungwa na masi spektrometa, isiwe ya hospitali moja wala chuo kimoja. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wapo hapa Mbeya na wamefanya utafiti mkubwa wa kifua kikuu, walishiriki ule wa dozi kubwa ya rifampisini ambapo kujua dawa kiasi gani imefika kwenye damu ni jambo muhimu, kwahiyo tusiambiwe huku hakuna watu. MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, wapo, chuo cha Mkwawa pale Iringa wanasomesha kemia, vijana wanamaliza wanaendesha bodaboda. Wachukuliwe wanne wapelekwe kujifunza kuendesha na kutengeneza, nasisitiza kutengeneza, wafungue pampu wenyewe, wakate mrija wenyewe, na bajeti ya matengenezo iandikwe pamoja na ya kununulia. Halafu kila kituo cha afya toka Ludewa mpaka Ileje kiruhusiwe kutuma ampuli mbili, mbili tu, siku yoyote mkunga akiona dawa haifanyi kazi, na jibu lirudi kwake yeye aliyetuma, lisiishie kwa mkubwa wake.

Zile mbili nilikaa nazo kwenye friji ya maabara mpaka tarehe yake ikapita, kila nikitoa kitu naziona. Zilipoteketezwa na dawa nyingine zilizoisha muda nilitakiwa kujaza daftari, jina la dawa, bechi, idadi, matokeo ya kipimo. Kwenye matokeo niliandika hazikupimwa.

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Uyole, Mbeya