Utoto wa Mandela: maandalizi ya kikao chetu

Ndugu wanakikundi,

Kikao kijacho tutazungumzia ujana wa Nelson Mandela, nami nawaomba tuanzie kijijini kabla hatujafika gerezani.

Alizaliwa tarehe 18 Julai 1918 huko Mvezo, Transkei, akaitwa Rolihlahla, yaani mvuta tawi la mti, jina ambalo kwa Waxhosa humaanisha pia mtundu. Baba yake, aliyekuwa chifu, alikataa kuitikia wito wa hakimu wa kizungu, akavuliwa cheo na kupoteza mifugo na ardhi, hivyo mama akahamia Qunu pamoja na mtoto. Siku ya kuanza shule, baba alikata suruali yake mwenyewe magotini, akamvalisha mwanawe na kumfunga kamba kiunoni. Siku hiyohiyo mwalimu akampa jina la Nelson. Binafsi, picha hiyo ya suruali hunigusa kuliko hotuba zake nyingi.

Baba alipofariki, Mandela alilelewa huko Mqhekezweni na Jongintaba, kaimu mtawala wa Wathembu, yaani watu wa kabila lake, na ningependa tukae hapo kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa katika mabaraza ya mtawala huyo, yaani mikutano ya watu wake, kijana aliona kila mtu akisema hadi mwisho, huku mtawala akinyamaza na kuzungumza baada ya wote. Fort Hare, chuo alichosoma baadaye, tutaipitia haraka. Mwaka 1941 alitorokea Johannesburg kukwepa ndoa ya kupangiwa, akawa mlinzi mgodini.

Tafadhali kila mmoja aje na swali moja kuhusu mabaraza hayo.