Mabula, naomba uwakumbuke watoto wa huku

Nyamanoro, Mwanza

Ndugu yangu Mabula,

Salamu nyingi. Huku tupo, mama anakusalimu na bado anauliza utaoa lini. Umekaa kimya mno, ila masomo nayaelewa. Ninakuandikia kwa sababu mtoto wetu Kulwa amelazwa hospitali ya Bugando. Taya lilivimba ghafla, na majibu yamesema ni Burkitt, ile saratani ya limfu inayowapata watoto.

Anapewa siklofosfamidi na vinkristini, na methotreksati wanamchoma kwenye uti wa mgongo. Dada kaniuliza dawa zote hizo za nini, si wangetafuta moja iliyo kali? Nikamweleza ulivyonieleza wewe: seli inayoponyoka dawa hii hunaswa na ile, na zikiwa na madhara tofauti mwili unazimudu pamoja. Dada katulia. Mimi ndiyo sijatulia.

Nimerudia hesabu zako za kuchanganya dawa za saratani. Dawa 100 zinatoa jozi 4,950. Ukichanganya tatutatu unafika 161,700, na hapo dozi hujazigusa. Maabara gani itapima zote? Kumbe ndiyo maana unaifundisha kompyuta kwa jozi zilizokwisha kupimwa, ikisie zilizobaki, wapimaji waanze na zenye dalili njema. Hapo tuko pamoja. Lakini ile ALMANAC ya Wamarekani ya 2017, yaani majibu ya jozi za dawa walizozipima, yenye dawa 104 na aina 60 za seli za saratani, nimeipitia orodha ya seli zake. Matiti yamo, mapafu yamo, utumbo umo. Burkitt haimo! Ugonjwa ambao daktari Burkitt aliuandika mwaka 1958 akiwa Uganda, ng'ambo tu ya ziwa letu. Kompyuta itaujuaje na hakuna aliyeifundisha?

Na seli zenyewe zipo. Zile za Burkitt ziitwazo Raji zilitoka kwa mtoto wa Nigeria mwaka 1963, zinaoteshwa maabara hadi leo. Nakuomba sana, uziingize kwenye kazi yako. Kwa Kulwa hazitawahi, na matibabu yake yanaeleweka. Nawafikiria wale ambao ugonjwa unawarudia, maana kwao daktari anabaki na machache ya kuchagua. Hilo linaninyima usingizi, Mabula.

Msimamizi wako atakubali? Kuna jozi zilizokwisha kupimwa kwenye seli za Raji? Na je, unaweza kuipa kompyuta sharti ichague kwanza dawa zinazopatikana hospitali za huku, na zisizoshusha chembe za damu ya mtoto kupita kiasi? Desemba unakuja? Doto amegoma kwenda shule bila pacha wake, na wewe huwa anakusikia. Utampigia wiki hii?

Wako,
Shija