Mdogo wangu, kabla hujalipia ile nyumba ya Rau

Mdogo wangu,

Habari za nyumba ya kupangisha ya Rau, Moshi, nimezipata kwa wifi. Vyumba 10, wapangaji wanafunzi, muuzaji ana haraka. Simu zangu hupokei, kwa hiyo naandika hapa ambapo najua utapita. Na wengine wanaotafuta nyumba za kupangisha Arusha na Moshi wasome pia, maana siku hizi hata uchochoro wa Olmoti, Arusha, dalali anakutajia AFCON ya 2027 kabla hajakutajia namba ya kiwanja.

Najua umeshaonyeshwa hati. Vizuri. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, ujue jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio, kama pango la ardhi linadaiwa. Lakini upekuzi hauwezi kukuambia ule ukuta umekaa wapi. Hilo linajibiwa na ramani ya upimaji iliyosajiliwa, yenye vipimo vya kila upande na majira ya nukta, yaani namba za mahali ilipo, ya kila bikoni, jiwe la mpaka. Ichukue ofisi ya ardhi, umpe mpima mwenye leseni, aje na GPS ya wapima ambayo hukosea sentimita chache. Ya kwenye simu hukosea mita tatu, tano, na chini ya migomba zaidi. Ukipima uchochoro kwa simu unajidanganya.

Mpima atafute bikoni zote: zege lenye nondo katikati, mara nyingi limefukiwa na udongo wa barabara au limemezwa na msingi wa ukuta. Ikikosekana moja, atairudisha kwa hesabu kutoka kwenye zilizopo na za viwanja jirani, na majirani pamoja na mwenyekiti wa mtaa wawepo wakati anairudisha. Kisha avute kamba kati ya bikoni na bikoni, nawe utembee juu ya kamba hiyo polepole. Angalia kila kinachoivuka: ukingo wa paa unaomwagia jirani maji, chemba, bomba, ngazi, na zaidi ya vyote shimo la maji taka. Watu hujenga nyumba kwa ramani, shimo wanalichimba baadaye, mwishoni kabisa mwa kiwanja, kwa macho.

Na hapa lazima niseme ya Moshono, ile nyumba uliyonunua kabla ya hii.

Niliuliza swali moja tu: bikoni ya nne iko wapi? Muuzaji akaonyesha fensi ya minyaa. Nikasema minyaa hupandwa na mtu yeyote, tungoje mpima. Ukanigeukia mbele ya baba mkubwa, mbele ya dalali, mbele ya mkeo, ukasema: "Dada, tumekuja kununua nyumba, hatujaja kuhesabu mawe. Kama roho inakuuma, sema." Baba mkubwa akatazama chini. Ukasaini juu ya boneti la gari. Sijalisahau neno hilo, na sitaki kukudanganya kwamba nimelisamehe. Mtu anayekuonea wivu hakuulizii bikoni. Anakuacha ulipe.

Sasa jirani amepima ili ajenge, na vyoo vinne pamoja na shimo viko kwake, mita mbili na nusu. Mkataba wako unasema "nyumba ya vyumba 8 iliyopo Moshono", basi. Hakuna namba ya kiwanja wala kitalu, hakuna ukubwa kwa mita za mraba, hakuna sentensi ya muuzaji kuthibitisha kwamba majengo yote yako ndani ya mipaka. Bila sentensi hiyo utambana kwa lipi? Ukitaka kumaliza kwa amani, nunua kile kipande, lakini karatasi ya wakili peke yake haitoshi: ramani ya upimaji irekebishwe na hati zote mbili zifuate. Akikataa kuuza, hamisha shimo kwanza, maana ndilo linalomuudhi. Na usimsikilize anayekuambia Baraza la Kata litakupa ushindi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha, ndani ya siku 30. Kuamua ni kwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Rau nayo ina yake. Kama kile kiwanja kimemegwa kwenye kihamba, shamba la ukoo la Wachaga, mpaka wake wa asili ni masale, ile mimea ya kupandwa mpakani, na masale yanaheshimiwa na wazee kuliko hati. Waulize wazee wa pande zote nne, si wa upande wa muuzaji tu. Uliza makaburi. Uliza mfongo, mfereji wa asili wa maji, kama maji yanapita humo hata mara moja kwa wiki. Ukiuziba, wenye zamu ya maji watakuja na majembe. Taka muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini, na ridhaa ya mke wa muuzaji kwa maandishi. Mke asiposaini, mauziano yanaweza kubatilishwa hata kama pesa imeshaliwa.

Wakikuambia eneo la nyuma ni "20 kwa 20", uliza ni mita au hatua. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 80. Hatua 20 ni mita 16, na 16 kwa 16 ni mita za mraba 256, wakati wewe unalipia 400.

Uko karibu na mto, kwa hiyo pima mita 60 kutoka ukingoni. Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu humo, na wapangaji hawajui hilo, watakulaumu wewe. Kwenye barabara kuu, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati.

Kuhusu kodi, dalali anakuhesabia miezi 12. Tuseme chumba ni 70,000: vyumba 10 ni 700,000 kwa mwezi. Wanafunzi wakienda likizo ndefu vyumba vinalala, hesabu miezi 10, yaani 7,000,000 kwa mwaka. Kwa bei ya milioni 110 hiyo ni asilimia 6 na kidogo, kabla ya rangi, koki na gari la maji taka. Na kama wapangaji wameshalipa na wamebakiza miezi minne, 2,800,000 ziko mfukoni mwa muuzaji. Zikatwe kwenye bei, ziandikwe kwenye mkataba, pamoja na orodha ya wapangaji na nakala za mikataba yao. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, ushuru wa stempu asilimia 1 ni wako. Hilo nalo liandikwe.

Wifi anasema umeniita mwanamke wa vikwazo. Mimi ndiye niliyekushika mkono ukienda shule, mdogo wangu, na mama akiuliza kwa nini huji namwambia una kazi nyingi. Sijamwambia ya Moshono. Nani mwingine angekufichia?

Usitoe kishika uchumba, yaani malipo ya awali, wiki hii. Nitumie namba ya kiwanja na kitalu, hata kwa meseji bila salamu. Mpima wa Moshi nimeshaongea naye, yuko tayari Jumamosi asubuhi, na gharama yake nalipa mimi. Wewe njoo na buti, huko nyuma kuna matope.

Dada yako