Mama, Nabii Yakub Naye Alilia

Suwaiq, Oman
Jumamosi, 16 Oktoba 2021

Kwa Mama yangu mpendwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, Mama.

Baada ya salamu, mimi mwanao ni mzima, na wenzangu ninaokaa nao ni wazima. Naanza na hilo kwa sababu dada kaniambia ulivyohangaika zile siku simu yangu ilipokuwa haipatikani. Nasikia ulibakiza kunisomea hitma tu. Ya simu tumeyasema, lakini simu ina haraka zake, na bando nalo hukatika mtu yuko katikati ya neno. Barua hii nampa mama mmoja wa Tanga anayerudi wiki hii. Mpe mjukuu wako akusomee, na akikimbiza mwambie arudie.

Kimbunga chenyewe, hiki walichokiita Shaheen, kilitua Jumapili ya tarehe 3 jioni. Serikali ilikuwa imeshatangaza mapumziko, watu wamekaa majumbani. Ujue huku mvua ni sherehe, Mama. Ikinyesha, watu hupakia watoto garini wakaenda kutazama wadi, yaani bonde kavu linalogeuka mto mvua ikinyesha, ikishuka. Kwa hiyo wapo waliofurahia mawingu. Watu wazima walikuwa wakisimulia kimbunga Gonu cha 2007, lakini kile kiliwapiga wa Maskati na Sur; huku kwetu pwani ya Batina hakuna aliyekumbuka kimbunga kuingia upande huu. Khabura, jirani zetu hapo, walipata milimita 369 kwa siku moja. Sisi wa Pangani tunaoijua masika tutasema mvua kubwa; kwa watu wa hapa hiyo ni mvua ya miaka kadhaa imemwagwa usiku mmoja. Mbele yetu bahari, nyuma milima ya Hajar. Maji ya milimani yakateremka, ya baharini yakapanda, na sisi tupo katikati.

Nyumba za huku, mapaa yake ni sakafu tambarare, na huko juu ndiko tulikokimbilia. Tulikuwa sisi washonaji, familia moja ya Kibaluchi na watoto wao, na vijana wa Bangladesh wanaofanya kazi kwenye shamba la ndimu. Kila mtu alikuwa akimwita Mungu kwa lugha yake, na upepo ukiyachukua yote. Niliogopa sana, sitakudanganya.

Asubuhi yake maji yalipopungua nikaenda dukani. Tope lilikuwa limefika magotini. Majora ya hariri na lesi yaliyokuwa rafu za chini yalikuwa yamevimba, ukivuta moja linakuja na tope zito, hujui tena lilikuwa rangi gani. Cherehani zote tano zimezama mpaka kwenye mota, ovaloki imeanguka kifudifudi, na abaya za harusi ya watu zilizokuwa zinangoja kutiwa vifungo zimejiviringisha kwenye miguu ya meza. Nikavuta mtoto wa meza yangu ili nione kama mkasi wangu umesalia. Humo ndani maji yalikuwa yametuama, na kwenye maji kuna kisamaki cha wadini, chembamba, urefu wake kama sindano ya magunia, kinazunguka katikati ya bobini zangu kana kwamba ndiko kwao.

Nikacheka, Mama. Nilicheka mpaka mwenzangu akaja mbio akidhani nimerukwa na akili. Alipochungulia naye akashika tumbo. Tulikuwa tumelowa, njaa inauma, kazi imekwenda na maji, na bado tunacheka. Kisha nikakaa chini kwenye lile tope nikalia, na kilio chenyewe hakikuwa cha cherehani peke yake. Nilimlilia Baba pia. Wakati anafariki njia zilikuwa zimefungwa kwa corona, nikamswalia swala ya ghaibu humu chumbani, kesho yake nikaenda kushona. Nafikiri kilio kile kilikuwa kinangoja nafasi.

Kisamaki tulikitia kwenye kopo tukakirudisha wadini, ukitaka kujua mwisho wake.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya niandike. Dada kaniambia Ami anakukemea. Eda imekwisha, anasema, sasa machozi ya nini? Kwamba muumini hulia siku tatu akanyamaza, na anayeendelea ni mtu asiyeridhika na kadari. Nampenda Ami na namheshimu, ila hapo sikubaliani naye hata kidogo. Mambo ya kujipiga vifua na kupasua nguo tumekatazwa, sawa. Wewe hukufanya hayo. Wewe unalia jikoni ukikuna nazi, basi.

Nabii Yakub alilia mpaka macho yakawa meupe. Hilo limo kwenye Sura Yusuf, na Ami ameisoma kuliko mimi. Wanawe walipomlaumu kwamba atajiua kwa kumkumbuka Yusuf, hakuwaambia kuwa haimuumi. Aliwajibu kuwa anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake. Kisha, na hapa ndipo ninapopapenda, palepale akawatuma: nendeni mkamtafute Yusuf na nduguye, wala msikate tamaa na rehema ya Mungu. Mtu amelia miaka mpaka amepofuka, na bado anapanga safari. Na kanzu ya Yusuf ilipokuwa bado iko njiani, yeye akaanza kusema anasikia harufu ya mwanawe, nao wakamwona mzee amepotea.

Na Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alipomshika mwanawe Ibrahim anakata roho, machozi yalimtoka. Swahaba akashangaa, hata wewe? Akasema hiyo ni rehema. Jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Mwambie Ami hayo kwa adabu, au usimwambie, mwache. Ila wewe uyajue.

Uliniuliza kwenye simu nilipata wapi moyo wa kucheka siku ile. Sijui kama niliupata mahali. Lakini nikwambie kilichotokea Ijumaa iliyofuata, huenda ndiyo jibu.

Tangu alfajiri magari yakaanza kuingia. Watu wametoka Sharqiya, wametoka Dakhiliya, wengine Dhofar kabisa, huko mwisho wa nchi. Hakuna aliyewalazimisha. Kanzu wamezipandisha na kuzifunga kiunoni, makoleo begani, wanaingia nyumba kwa nyumba kukomba tope. Nyumba ya mtu wasiyemjua wanaipigia maji na kuikausha hadi sakafu inaonekana. Walipofika dukani kwetu nilikuwa navutana na mwenzangu juu ya meza nzito, nikamwambia, "Kamata huku!" Nyuma yangu sauti ya mzee ikasema, "Sogea, bibie, hiyo siyo kazi yako." Kiswahili cha Pemba, Mama! Kumbe mzee ni wa Ibra, kazaliwa Wete, akaondoka mdogo na wazee wake baada ya 1964, na nguo walizovaa tu. Nilipomwambia kwetu Pangani, akataka kujua kama mto bado una mamba.

Hakunipa mawaidha yoyote. Alikomba tope mpaka adhuhuri, akaswali, akala wali uliopikwa na majirani kwenye sufuria la harusi, akarudi kukomba. Alipoondoka aliniuliza tu kama najua kupika mkate wa ufuta. Jana karudi na mkewe na gunia la mchele, nami nikawapa mkate. Haukuumuka vizuri, hamira yenyewe ya kuazima, wakala wote.

Tangu utoto nimesoma kuwa hakika pamoja na uzito upo wepesi, na siku zote nikidhani wepesi unangoja uzito uondoke kwanza. Ijumaa ile tope lilikuwa bado liko ndani.

Sasa ya kazi. Mwenye duka kasema hafungi. Cherehani tatu tumezifungua, tumezisafisha kwa mafuta ya taa na kuzitia mafuta upya, zinazunguka. Mbili mota zimeungua, tunangoja fundi. Mwezi huu ananipa nusu mshahara, na sikumnung'unikia, naye kapoteza. Kwa hiyo mabati ya nyumba yatasubiri. Mwambieni fundi asichukue arubuni ya mtu. Kaka afunge turubai upande ule unaovuja kabla vuli haijachanganya, na misumari asiipigilie pale penye boriti iliyooza. Hela nilizotuma kwa dada ni za chakula na dawa zako za presha. Dawa kwanza, Mama. Nakujua, utamnunulia mjukuu viatu.

Hitma ya Baba msikope kwa ajili yake. Pikeni ubwabwa mdogo, waiteni watoto wa madrasa wasome, wale, wacheze hapo uani. Baba alikuwa akipenda kelele zao kuliko hotuba za wakubwa.

La mwisho. Dada anasema umeapa mwaka huu huendi maulidini. Mfunguo Sita umeingia, Mama, na tangu nipate akili sijaona maulidi yakasomwa mtaani kwetu wewe haupo kwenye mkeka wa mbele. Nakuomba uende. Huyu mama wa Tanga nimempa kipande cha lesi ya kijani kilichokuwa rafu ya juu, maji hayakukifikia. Mpe fundi wa hapo akushonee, na asibane mikono. Waache vijana wapige dufu. Ikifika wakati wa kusimama ukajisikia kulia, lia. Wenzio watadhani ni mapenzi ya Mtume, na hawatakuwa wamekosea.

Nisalimie Ami, dada, kaka, shangazi zangu wote na majirani. Mniombee dua, nami nawaombea.

Wassalaam,
Ni mimi mwanao, kitinda mimba wako