Orodha za mashirika ya wazee zibandikwe ofisi za kata

Ndugu Mhariri,

Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, hotuba hazikosekani Mtwara wala Lindi. Baada ya hapo, familia yenye babu aliyepooza Tandahimba, au bibi aliyeanza kusahau majina ya wajukuu zake huko Liwale, haijui iende ofisi gani. Taarifa nyingi wanazozitafuta zimo ndani ya makabati ya halmashauri zao wenyewe, nasi tunaomba zitolewe nje zisomwe.

Mashirika yasiyo ya kiserikali yanasajiliwa kwa sheria ya mwaka 2002, na idara ya maendeleo ya jamii ya halmashauri ndiyo inayoyafuatilia yale yanayofanya kazi wilayani. Kwa hiyo anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na akikosa jibu, panda hadi halmashauri. Uliza mambo matatu: ni shirika gani linahudumia wazee au wagonjwa wa muda mrefu, liko kata zipi, na mradi wake unaisha lini. Hilo la tatu watu hulisahau, kumbe ndilo linalowapotezea nauli: mradi ukiisha, bango hubaki barabarani na ofisi imeshafungwa. Likitokea shirika linalodai hela ya fomu ili mzee aandikwe, usitoe hata senti. Rudi kwa afisa uulize kama linajulikana.

Usitafute neno “wazee” peke yake, maana mashirika yenye neno hilo kwenye jina ni machache. HelpAge inafahamika nchini kwa kazi hiyo, lakini usitegemee kuikuta kila wilaya. Tafuta kwa tatizo alilonalo mzee. Aliyepoteza macho ana haki ya kubisha hodi Chama cha Wasioona (TLB), asiyesikia CHAVITA, mwenye ulemavu wa viungo CHAWATA, na mwenye sukari aulizie Chama cha Kisukari pamoja na siku ya kliniki ya kisukari hospitalini. Wengi wanadhani vyama hivi ni vya vijana waliozaliwa na ulemavu. Hapana. Misikiti, Baraza Kuu la Waislamu (BAKWATA) na parokia nazo huwa na fungu la sadaka, ila mara nyingi hugawa kwa majina yaliyokwisha kuandikwa, kwa hiyo jina lipelekwe kabla ya Ramadhani au Krismasi.

Tangu mwaka 2022 masuala ya wazee yako chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, si Wizara ya Afya tena. Ndiyo maana ukiulizia hospitalini jambo lisilo la matibabu utazungushwa. Muulizie afisa ustawi wa jamii.

Kuhusu matibabu bila malipo, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na msamaha ni wa wasio na uwezo. Utambuzi unaanzia kijijini, kwa mtendaji na baraza la wazee la kijiji. Andaa picha, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) kama anayo, na ushahidi wowote wa umri. Kinachokwamisha zaidi ni majina: kadi ya kliniki inasema Saidi Hamisi, ya mpiga kura Saidi Mohamedi, na daftari la chama cha msingi lina jina la utani. Chagueni jina moja mapema, na tofauti ziwekwe sawa kwa hati ya kiapo. Wakulima waliobangua korosho na kushika jembe miaka mingi huwa na vidole ambavyo mashine ya alama haisomi. Msiondoke kimya, mwelezeni ofisa aliyepo awape utaratibu mwingine. Halafu kadi ya matibabu ikishapatikana, anzeni zahanati mpate barua ya rufaa. Kumpeleka mzee moja kwa moja hospitali ya mkoa, Ligula au Sokoine, bila barua, ilhali hali yake si ya dharura, ni kutafuta usumbufu. Na dawa ikiwa imekwisha stoo, kadi haiwezi kuileta, hivyo wekeni akiba kidogo.

TASAF nayo ieleweke. Inasaidia kaya maskini, haiangalii umri wa mtu mmoja, na majina hupitishwa kwenye mkutano wa kijiji wakati wa uandikishaji. Siku ya mkutano huo kaya yenye mzee asiyetembea isikose mtu wa kuisemea. Pensheni ya wazee wote inayotajwa redioni ni ya Zanzibar, ilianza 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi. Huku Bara haipo.

Anayemuuguza mzee, mara nyingi binti au mke wa mwana, husahaulika kabisa. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa hospitalini, iwe ya serikali au ya misheni kama Ndanda na Nyangao, adai kufundishwa: kumgeuza asiyejiweza kila baada ya saa mbili, kukagua visigino, nyonga na mgongo wa chini kama pamekuwa pekundu au peusi, kumlisha akiwa amekaa wima na kumwacha hivyo nusu saa asipaliwe. Kijijini amtafute mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri haina fungu la wazee (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu), lakini wanawake wanaouguza wanaweza kuunda kikundi na kuomba kwenye fungu lao. Ni mkopo, hauna riba, ila unarudishwa. Asiyekuwa na biashara ya kufanyia karibu na nyumbani asiukimbilie.

Fedha za korosho zinapitia akaunti ya mzee. Akili ikishapotea hawezi kumpa mtu mamlaka kisheria, na hati ya uwakilishi aliyoitoa awali hukoma, kwa hiyo mambo ya fedha yapangwe na wosia uandikwe angali anafahamu anachotia dole. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, chini ya sheria ya 2017, hutoa ushauri wa kisheria bure.

Ombi letu kwa wakurugenzi wa halmashauri zote za mikoa hii miwili ni karatasi moja tu kwenye ubao wa kila ofisi ya kata na kila zahanati: jina la shirika, huduma yake, kata zake, mwezi mradi unapoisha, na simu ya ofisi ya ustawi wa jamii. Irekebishwe kila baada ya miezi sita, na ya kwanza ibandikwe kabla ya msimu wa kuokota korosho, maana ndipo wenye nguvu huenda mashambani na wazee hubaki peke yao nyumbani.

Watoa huduma kwa wazee,
Newala